Kalamu Isisimame

Ukisoma Tarantula ya Bob Dylan ukitafuta mhusika mkuu, utachoka bure. Aliiandika 1965 na 1966, tayari nyota wa muziki, ikachapishwa 1971. Ni mtiririko wa mawazo: picha moja inaivuta nyingine, hadithi haipo. Kwenye wimbo, vina na gitaa vinamshika mkono. Humu yuko peke yake, na kwangu mimi ndiyo maana kitabu kinayumba. Kezilahabi naye aliivunja riwaya yetu katika Nagona (1990), ila alituachia safari ya kuutafuta ukweli, tukashikilia hiyo.

Sisi tulio BTP huku Mazinde tunakimbilia kuuliza "dhamira ni ipi?" Mwanafunzi anakariri, basi. Jaribuni hivi kwanza: dakika 5, kalamu isisimame, nukta marufuku. Mfano niliotunga ubaoni:

mkonge mkonge basi la Lushoto limepita mama kimya ada ukungu umelala mlimani

Halafu uliza: kutoka basi hadi ada, mawazo yamepitaje? Kidato cha tatu hawahitaji mwongozo hapo. Basi ndilo huleta bahasha ya mama, na leo limepita bila kusimama.