Vepu na Moyo: Kijitabu cha Nyumbani kwa Familia za Kwale

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, hainuki kama sigara ya kawaida, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopitwa. Inanukia embe au mnanaa, inafanana na kalamu nene au flashi ya kompyuta, na mara nyingi huchajiwa kwa waya ule ule wa simu. Ukiikuta chini ya mto wa mwanao, uwe Ukunda, Diani au Msambweni, usianze na fimbo. Soma kwanza pakiti: imeandikwa nikotini kiasi gani?

Ndani mna kimiminika na kijiwaya kinachopashwa moto kwa betri. Kinachovutwa si mvuke wa maji. Ni ukungu wa matone madogo mno yenye kemikali za ladha na, mara nyingi, nikotini. Joto likizidi huzaliwa sumu kama formaldehaidi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilihimiza serikali zipige marufuku ladha hizo, kwa kuwa ndizo zinazowanasa watoto.

Nikotini hufika kwenye damu kwa sekunde chache tu. Mwili unamwaga adrenalini, homoni ile inayotoka mtu akishtuka. Moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda, na mwenyewe kaketi tu barazani. Moyo unadai damu zaidi wakati mishipa inayoulisha imejikaza. Tena sigara huisha, ikazimwa. Vepu haina kichungi cha kutupa. Kijana huvuta kidogo kidogo kutwa, na moyo haupati nafasi ya kutulia. Utando wa ndani wa mishipa, unaoisaidia kutanuka, nao huzidi kudhoofika.

Anayebisha, mwache ahesabu mwenyewe. Aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo dakika nzima, kabla na baada ya kuvuta. Hilo lina nguvu kuliko mawaidha yetu.

Je, si afadhali kuliko sigara? Mtu mzima aliyeacha sigara kabisa akahamia vepu amepunguza sumu nyingi, tuseme ukweli. Lakini kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote hajapunguza kitu, ameongeza. Na anayevuta vyote viwili anaubebesha moyo mizigo miwili.

Hapa kwetu kuna pia muguka, majani ya kutafuna. Nayo huharakisha moyo na kupandisha presha. Kijana anayetafuna huku akivuta, usiku akashushia na kinywaji cha kuongeza nguvu, anauchapa moyo ule ule mara tatu. Tunaona vepu ndiyo ya kuachwa kwanza, lakini muulize juu ya vyote.

Akiacha, atakuwa mkali, atakosa usingizi, atakula ovyo kwa wiki kadhaa. Si utovu wa adabu, ni mwili unaokosa nikotini. Mvumilieni. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu ana mashine ya presha. Mwombeni awapime nyote, babu na bibi pia. Laini ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, na hupigwa bila malipo.

Kifua kikibana, jasho baridi likimtoka, au maumivu yakishuka mkononi, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali iliyo karibu, au ya rufaa Msambweni. Mtoto mdogo akinywa kimiminika cha vepu, msimtapishe. Mkimbizeni, na chupa yenyewe mwende nayo.