MAKOSA YALIYONAKILIWA
(Somo la biolojia kwa wanafunzi wa myaka ya mwisho, lakini wengine pia wanaweza kusoma)

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano aliniuliza swali, na kengele ikalia mbele sijajibu vizuri. Alisema hivi: "Mwalimu, unatufundisha kama mutu, sokomutu na hata chachu ya mkate wako na molekili zenye kufanana. Lakini fundi mmoja anatumia misumari ileile kwa kutengeneza meza na kwa kutengeneza mlango. Hiyo inaonyesha tu kama fundi ni mmoja. Namna gani inaonyesha kama meza na mlango ni jamaa?"

Swali hilo si la bure. Nami nakubali mara moja: kufanana peke yake hakutoshi. Kwa hiyo leo tuache kufanana, tutazame tofauti, kiisha tutazame makosa.

Tukamate molekili moja, sitokromu C. Ni proteini ndogo yenye kukaa ndani ya mitokondri, pale seli inapochoma chakula kwa kupata nguvu. Mimea wako nayo, wanyama wako nayo, chachu iko nayo. Kwa mutu ni mnyororo wa asidi-amino 104. Wataalamu waliupanga mnyororo huo kwa viumbe vingi na kuhesabu mahali ambapo asidi-amino imebadilishwa. Kati ya mutu na sokomutu: tofauti 0. Kati ya mutu na makako wa Azia anayeitwa rhesus: 1. Farasi: 12. Kuku: 13. Chachu ya mkate: zaidi ya 40.

Mutu atasema: "Ni kwa sababu sokomutu anaishi karibu kama sisi, anahitaji msumari sawasawa na wetu." Jibu hilo halisimami. Walikamata chachu yenye kukosa sitokromu C yake, wakaingiza ndani yake jeni ya sitokromu C ya mutu, na chachu ikapumua! Basi tofauti zaidi ya 40 hazikuzuia kazi. Kazi hailazimishi mutu na sokomutu wafanane mahali pote 104.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi wanalipita mbio. Chachu iko mbali na mutu kwa zaidi ya 40. Iko mbali na farasi kwa zaidi ya 40. Na kuku vilevile. Munaona? Ni kama mgeni wa ukoo mwingine akifika katika nyumba yenu: hayuko karibu na kaka kuliko na dada, yuko mbali nanyi wote karibu sawasawa, kwa sababu njia zenu ziliachana zamani, mbele ninyi hamujagawanyika. Katika mwaka wa 1967 Walter Fitch na Emanuel Margoliash walitumia hesabu za sitokromu C peke yake kwa kuchora mti wa ukoo wa viumbe. Mti ule ulikaribia sana ule ambao wengine walikwisha kuuchora kwa kutazama mifupa na miili. Haukuwa sawasawa kila mahali, kwa maana molekili moja ndogo haiwezi kueleza kila kitu. Lakini nani aliwaambia mifupa na molekili wapatane?

Sasa tufike kwa makosa, na hapa ndipo ninapotaka mukae kidogo.

Walimu wote wanajua jambo hili. Nikisahihisha ekzamini, na wanafunzi wawili wameandika jibu zuri lenye kufanana, siwezi kuwashitaki. Labda wote walijifunza. Lakini kama wote wawili wameruka mstari uleule, na katika neno lilelile wote wamesahau herufi ileile, hapo sitafuti shahidi tena. Wamenakili kutoka kaye moja.

Ndani ya miili yetu kuna neno kama hilo. Mbuzi, mbwa, ngombe, panya wanajitengenezea vitamini C katika maini yao. Hawahitaji machungwa. Sisi tukikosa matunda na mboga mbichi muda mrefu, tunapata skorbuti: ufizi unatoka damu, meno yanalegea, vidonda havifungi. Mabaharia wengi walikufa nayo, mpaka munganga James Lind alipoonyesha katika mwaka wa 1747 kama machungwa na ndimu vinaiponyesha. Kinachotupungukia ni enzimu moja tu, ile ya hatua ya mwisho ya kutengeneza vitamini hiyo. Na jeni ya enzimu hiyo haikutoka kabisa. Mabaki yake yako ndani ya ADN ya kila mmoja wetu, yamevunjika, vipande vingi vimepotea. Wataalamu wa Japani waliyaeleza mabaki hayo ya mutu katika mwaka wa 1994. Walipotafuta kwa sokomutu, kwa orangutani na kwa makako, walikuta jeni ileile imekufa, na kwa wote herufi moja imeanguka mahali palepale.

Fundi anaweza kutumia misumari ileile. Lakini msumari uliopindika, usioshika kitu, mahali palepale katika milango minne?

Munajua pia kobayi, yule tunayemfuga jikoni. Naye hawezi kutengeneza vitamini C. Ndiyo sababu katika mwaka wa 1907 Holst na Frølich, kule Norvege, waliweza kumgonjesha skorbuti kwa kumlisha nafaka tupu. Je, alinakili kwa kaye yetu? Hapana. Jeni yake imevunjika kwa njia nyingine. Vipande vingi ambavyo sisi tumepoteza, yeye anavyo bado. Na ndivyo tulipashwa kutazamia, kwa maana kobayi ni wa upande wa panya, si wa upande wa makako. Ugonjwa mmoja, lakini kaye mbili.

Musiende nyumbani kusema mwalimu amefundisha kama babu yetu ni sokomutu. Sokomutu wa leo ni ndugu wa mbali, pamoja na bonobo, ambaye porini anaishi katika inchi yetu peke yake, kusini ya mto Kongo. Wao wawili wako karibu zaidi wao kwa wao kuliko nasi. Na kwa yule aliyeuliza: somo hili halisemi kitu juu ya Fundi. Linasema tu ginsi kazi ilivyopita, kwa kunakili, vizazi juu ya vizazi, pamoja na makosa.

ZOEZI. Lemuri wa Madagaska ni wa jamaa kubwa moja na makako na sisi, lakini wanajitengenezea vitamini C. Chora mti wenye matawi matano: panya, lemuri, makako, sokomutu, mutu. Weka alama ya msalaba mahali jeni ilipovunjika, na eleza kwa mistari mitatu kwa nini umeiweka pale. Kaye zifike kwangu mbele ya siku ya Tano. Na musinakili.