Mafunzo Matano Niliyopata kwa Kusoma Vitabu vya Kiholanzi

Nilipokwenda kusoma Leiden, Uholanzi, nilibeba dharau moyoni. Kiholanzi, nilijiambia, ni lugha ya kununulia mkate na kuulizia treni. Fasihi waachiwe Waingereza, Wafaransa na Warusi. Baada ya miaka mitatu nilirudi na kasha zima la vitabu, dharau ikiwa imeishia hukohuko. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Abiria akishavuka, humsahau mpiga kasia

Shajara ya Anne Frank niliisoma kidato cha tatu, kwa Kiingereza. Kwa kuwa msichana yule alizaliwa Frankfurt, niliamini aliandika Kijerumani. Mwalimu wangu wa Leiden alicheka sana. Aliiandika kwa Kiholanzi, akiwa mafichoni Amsterdam, na ilichapishwa 1947 kwa jina la *Het Achterhuis*, yaani nyumba ya nyuma. Kumbe nilikuwa msomaji wa fasihi ya Kiholanzi tangu nikiwa na sare ya shule, na sikumshukuru hata mfasiri aliyenivusha.

2. Pakiti ya kahawa nayo ina riwaya yake

Babu yangu alilima kahawa Marangu na kuiuza kupitia KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933. Nilipoona dukani kahawa yenye alama ya Max Havelaar, nilidhani ni jina la tajiri mwenye kiwanda. La hasha, ni mhusika wa riwaya. Eduard Douwes Dekker alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni huko Lebak, kisiwani Java. Aliona wakulima wakifanyishwa kazi bila ujira na kunyang'anywa nyati wao. Akalalamika, wakubwa wakampuuza, naye akajiuzulu 1856. Mwaka 1860 alitoa *Max Havelaar* kwa jina la Multatuli, Kilatini cha "nimeteseka sana".

Anayeifungua riwaya ni dalali wa kahawa wa Amsterdam, mtu wa daftari na hesabu, asiyeona faida ya mashairi. Nilicheka kila alipofungua kinywa. Kisha nikamkumbuka babu, akisubiri msimu hadi msimu bei iliyopangwa na watu asiowajua, na kicheko kikakatika. Alama ile ya biashara ya haki ilianzishwa Uholanzi 1988, ikachukua jina la mhusika huyo.

3. Tuzo si mizani ya lugha

Hadi leo hakuna aliyepata Nobel ya fasihi kwa kuandika Kiholanzi. Maurice Maeterlinck, mzaliwa wa Gent, aliipata 1911, ila yeye aliandika Kifaransa. Hilo lilinigusa. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alipoipata 2021 tulishangilia, ilhali riwaya zake ni za Kiingereza. Mojawapo, *Peponi*, ilitufikia kwa Kiswahili mwaka uliofuata, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtoto wetu, kalamu ya jirani.

Lakini soma *Kaas* ya Willem Elsschot, ya 1933: karani wa Antwerp anapokea shehena ya jibini asiyojua kuiuza na asiyoipenda. Ni kitabu chembamba, na hakuna tuzo inayoweza kukinenepesha.

4. Lugha haisafiri kwa miguu yake

Wasemaji wa Kiholanzi ni kama milioni 24 tu. Vitabu vyao vinafika mbali kwa sababu vinasafirishwa. Nederlands Letterenfonds kwa upande wa Uholanzi na Literatuur Vlaanderen kwa upande wa Flanders, sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi, husaidia wachapishaji wa nje kulipia tafsiri. Mara mbili, 1993 na 2016, Uholanzi na Flanders zilikuwa wageni wa heshima kwenye maonyesho ya vitabu ya Frankfurt. Mwaka 2020 riwaya ya Marieke Lucas Rijneveld kuhusu familia ya wafugaji iliyofiwa na mtoto ilishinda tuzo ya International Booker. Pauni 50,000 ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, Michele Hutchison. Nusu kwa nusu! Kwetu mfasiri akitajwa jina kwenye jalada, hushukuru Mungu.

5. Habari zetu zimo kwenye rafu tusizozitazama

Moses Isegawa wa Uganda aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kiingereza akiishi Uholanzi. Lakini waliotangulia kuisoma ni Waholanzi: tafsiri yao, *Abessijnse kronieken*, ilitoka 1998, kabla ya Kiingereza chenyewe. Na Mbelgiji David Van Reybrouck alipoandika historia ya Kongo iliyotoka 2010, alikaa na wazee wa Kikongo na kuwasikiliza. Nilisoma maneno yao kwa Kiholanzi, kamusi mkononi, nikiona haya kuwafikia majirani zangu kwa kuzungukia Ulaya.

Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko Kiholanzi, mara kadhaa. Kuleta vitabu ndani tulianza mapema: Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare 1963, akiwa rais. Kilichobaki ni kupeleka vyetu nje, na kazi hiyo inataka fungu la fedha na wafasiri wanaolipwa. Serikali na wachapishaji watimize sehemu yao. Nawe msomaji, ukishika kitabu kilichotafsiriwa, tafuta kwanza jina la aliyekuvusha.