Mawe ya Makaburi: Yakaguliwe Kabla Hayajaanguka

Jiwe la kaburi la granaiti lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10 huwa na uzito wa karibu kilo 145. Likimwangukia mtoto anayecheza makaburini, au mzee aliyelishika ili ainuke baada ya dua, linaweza kumvunja mguu au hata kumuua.

Mara nyingi tatizo huanzia chini. Udongo uliochimbwa huendelea kudidimia kwa miezi mingi baada ya maziko, kwa hivyo familia inayojenga upesi hujenga juu ya shimo. Ni vyema kungoja angalau msimu mmoja wa mvua upite. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi hatari huzidi, kwani udongo huo hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Pwani, chumvi ya bahari hupenya zege na kushika kutu nondo zilizomo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani.

Wanaozuru makaburi waangalie kwanza kwa macho: je, jiwe limeinama? Kuna ufa pale linapokutana na msingi? Halafu mtu mzima asimame kando, si mbele, na kulisukuma taratibu kwa kiganja. Likitikisika, asiliegemeze kwa vijiti. Aite fundi mwashi, na watu wa kutosha walilaze chini, maandishi yakitazama juu, hadi litakapojengewa msingi mpya.

Kusafisha nako kuna madhara yake. Maji safi na brashi laini hutosha. Brashi ya waya, dawa ya kung'arisha nguo na asidi ya kusafishia vigae hula jiwe, na kwenye mawe ya matumbawe jina la marehemu linaweza kufutika kabisa. Makaburi ya kale yaliyojengwa kwa chokaa yazibwe nyufa kwa chokaa. Saruji ni ngumu mno kwake na hufungia unyevu ndani.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, makaburi ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Mkazi akiona jiwe linaloning'inia katika makaburi ya umma, hata kama si la jamaa yake, aarifu ofisi ya wodi au afisa wa afya ya umma, akitaja mahali kaburi lilipo na jina lililoandikwa.