Mafunzo ya Saratani kwa Watumishi wa Afya wa Magole: Fanya Haya, Acha Haya

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kati ya saratani zote nchini Tanzania, na wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road ugonjwa umeshakomaa. Mwanamke wa Magole, kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam, kwanza anapita mikononi mwako. Mafunzo endelevu ni kwa ajili yake.

JIFUNZE kwa mkono. Uchunguzi kwa siki hauingii kichwani kwa slaidi. Paka asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, subiri dakika nzima kwa saa ya ukutani, kisha tazama mpaka ambapo utando wa nje wa mlango wa kizazi unakutana na wa ndani. Weupe mzito, wenye kingo dhahiri, ulioshika mpaka huo, ndio wa kuutilia shaka. Kwa aliyekoma hedhi, mpaka mara nyingi umeshaingia ndani na huuoni. Usimwambie yu salama. Rudia zoezi hili mbele ya mzoefu hadi majibu yenu yafanane.

USIENDE semina kwa ajili ya posho. Kusaini asubuhi na kutoweka baada ya chai ni wizi, na anayeibiwa ni mgonjwa. Ni kweli mabaraza yetu ya kitaaluma yanadai pointi za mafunzo wakati wa kuhuisha leseni. Lakini pointi hazijui kushika spekulamu.

USIBAKI na ulichokisoma zamani. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani hii ya mlango wa kizazi, ilipoanza nchi nzima mwaka 2018, msichana wa miaka 14 alipewa dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, kuanzia miaka 9 hadi 14. Asiyerudi darasani anampotosha mzazi huku akiwa amevaa koti jeupe.

USIMPE vidonge tu mama anayetoka damu baada ya kukoma hedhi au baada ya tendo la ndoa. Mpandishe kitandani, umtazame.

USIMNG'OE mtoto meno kwa uvimbe wa taya ambao hujaujua chanzo. Huenda ni limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958. Hukua kwa siku, si kwa miezi, na huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Rufaa ni leo.

ANDIKA jina kwenye chupa ya kinyama, kamwe si kwenye kifuniko: vifuniko hubadilishana. Fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya ule wa kinyama.

JIFUNZE kutoa morfini ya maji, kwa saa, bila kungoja mgonjwa alie. Wanaorudishwa nyumbani baada ya matibabu kushindikana ni wagonjwa wako bado.

Na wewe mganga mfawidhi: kila anayerudi semina awafundishe wenzake ndani ya wiki hiyo. Asiyeweza, usimpeleke tena.