SOMO LA KIKUNDI: Maarifa ya Wazee na Maarifa ya Semina

Ndugu msomaji, tuanze na swali. Kukitokea ugomvi wa maji au wa mpaka hapo kwenu, mnakimbilia kwa nani kwanza? Wengine watasema kwa wazee. Wengine, kwa chifu. Na wako watakaosema, "Tungoje yule mwalimu wa shirika aje na makaratasi yake." Somo hili halitaki kupima nani ni bora. Tunataka kuona vile ndugu zetu wa Wajir walivyotumia maarifa ya nyumbani pamoja na yale ya kutoka nje, na pia mahali walipokwama.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa huko Somalia, na bunduki nyingi zikavuka mpaka kuja upande wetu. Ukame ulikuwa mkali, mifugo ikafa. Halafu uchaguzi wa 1992 ukatia ushindani wa viti ndani ya koo. Ajuran, Degodia na Ogaden wakauana kwa sababu ya malisho na visima. Serikali nayo haikuaminiwa. Watu walikuwa hawajasahau Wagalla, Februari 1984, wakati vikosi vya usalama vilipokusanya wanaume katika uwanja wa ndege na wengi wakafa. Sasa afisa akija na kusema, "Pataneni," nani atamsikia?

Kazi ilianzia kwa akina mama, sokoni. Ugomvi wa koo ulikuwa umefika hata kwenye maziwa na mboga: mama wa ukoo huu hauzi wala hanunui kwa mama wa ukoo ule. Mwaka 1993 wanawake wachache, mmoja wao Dekha Ibrahim Abdi, waliamua kwamba soko lazima liwe la wote. Wakachagua akina mama wa koo mbalimbali wawe waangalizi, ili mwenye kufukuzwa apate mahali pa kusema. Hawakungoja mfadhili.

Kisha wakaenda kwa wazee. Lakini ngoja kidogo, wazee gani? Wazee wa koo zinazopigana hawawezi kuwa waamuzi wa kesi yao wenyewe. Basi waliombwa wazee wa koo ndogo, wasiokuwa na upande katika vita, ndio waite wengine wakae chini. Hapo ndipo tunaona maarifa ya mwenyeji. Kujua nani ameoa wapi, nani anaweza kumkemea nani, nani akiita hakuna atakayekataa kuja: hayo hayafundishwi kwa semina ya siku tatu. Mgeni angeita wakubwa wa pande mbili siku ya kwanza, na mkutano ungevunjika kabla ya chai.

Wazee walipokubaliana, Septemba 1993, maneno yao yaliandikwa, yakaitwa Azimio la Al Fatah. Kuandika ni chombo cha ofisi, lakini kiliwafaa, kwa maana kijana wa malishoni na askari wa kituo hawakuwa wameketi na wazee kusikia. Mwaka 1995 kamati ya amani ikaingizwa katika mipango ya maendeleo ya wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya wa wakati huo. Mifugo ikiibwa au mtu akiuawa, kikosi cha wazee, akina mama na maafisa wa usalama kilikwenda pale haraka kabla kisasi hakijaanza. Gari lilikuwa la serikali, lakini maneno yalikuwa ya wazee. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa katika habari hii yote.

Dekha baadaye alifundisha watu wa nchi nyingi, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011. Yeye na wenzake walitumia sana chombo kimoja rahisi, yaani mti wa mgogoro. Mizizi ni sababu, shina ni tatizo lenyewe, matawi ni matokeo. Umbo la mti huu ni la semina, lakini mwenye kujua mizizi ni nyinyi.

Sasa tuje mahali pagumu. Mwaka 2001 viongozi na wazee wa Kaskazini Mashariki walitoa Azimio la Modogashe. Lilirudisha fidia ya mila: mwanamume akiuawa, mifugo 100; mwanamke akiuawa, mifugo 50. Fidia ya namna hii ina busara yake. Ukoo mzima ukilipa, ukoo mzima utawazuia vijana wake. Tena jela peke yake haimlishi yatima. Lakini nusu kwa mama? Na je, mjane anapata hata mbuzi mmoja, au wanagawana wanaume wa ukoo? Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kutatua ugomvi, ila inakataza zisivunje haki za binadamu. Kifungu cha 27 kinasema mwanamke na mwanamume ni sawa. Hapo wazee wanahitaji kusikia kitu kutoka nje. Wakiambiwa kwa dharau, "Mila zenu zimepitwa na wakati," watanyamaza tu, kisha waendelee vilevile usiku. Binti zao wenyewe wakiuliza, jibu ni gumu zaidi kukwepa.

Kazi ya kikundi. Chagueni ugomvi mmoja wa kweli wa hapo kwenu, usiwe wa mbali. Mchore mti chini kwa kijiti. Akina mama na vijana wataje mizizi kwanza, wazee wasikilize bila kukatiza, halafu wazee waseme ni nani asiye na upande anayeweza kuziita pande zote mbili. Muulizane pia, katika fidia au adhabu ya kwenu, ni nani hapati kitu? Mtakalokubaliana liandikwe, lisomwe kwa sauti katika lugha ya nyumbani kabla mtu yeyote hajatia sahihi. Baada ya wiki mbili mkutane tena, na wa kwanza kuulizwa awe yule ambaye hakuwepo siku ile.