Puskás Aanza Upya Ugenini

Mcheza mpira akitimiza miaka 31 watu huanza kumwita mzee. Sasa soma habari za Ferenc Puskás.

Puskás alizaliwa mwaka 1927 mjini Budapest, nchini Hungaria. Alichezea Honvéd, timu ya jeshi, na pia timu ya taifa. Mwaka 1953 Hungaria iliifunga Uingereza mabao 6 kwa 3 kulekule London. Puskás alifunga mawili.

Mwaka 1956 wananchi wa Hungaria waliasi. Mwezi Novemba majeshi ya Kisovieti yalizima uasi huo kwa vifaru. Honvéd ilikuwa nje ya nchi kwa mashindano. Puskás alikataa kurudi. Kwa sababu hiyo chama cha mpira cha dunia kilimfungia asicheze. Mcheza mpira asiyecheza hunenepa, naye alinenepa hasa!

Mwaka 1958 klabu ya Real Madrid ya Hispania ilimchukua. Wengi walimwona hafai tena. Lakini alipunguza uzito, na mguu wake wa kushoto haukuwa umesahau kazi. Mwaka 1960 Real Madrid ilicheza fainali ya Kombe la Ulaya mjini Glasgow. Iliwafunga Wajerumani wa Eintracht Frankfurt mabao 7 kwa 3. Puskás peke yake alifunga manne.

Hungaria aliiona tena mwaka 1981. Alifia Budapest mwaka 2006.

Maswali
1. Kwa nini Puskás alifungiwa?
2. Zungumzeni darasani: ungekuwa wewe mwaka 1956, ungerudi nyumbani?